Ishara Isiyomgharimu Mwenyewe

Suryakumar Yadav, nahodha wa timu ya kriketi ya India, alimaliza mechi dhidi ya Pakistan kwa pigo la mikimbio sita, akageuka, akashikana mkono na mwenzake Shivam Dube, wakatoka uwanjani wawili hao bila kutazama nyuma. Wachezaji wa Pakistan walikuwa bado nyasini, wakisubiri kupeana mikono kama ilivyo ada. Baadaye kidogo kamera ikaonyesha mlango wa chumba cha Wahindi ukifungwa.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 14 Septemba 2025, Kombe la Asia, hapa Dubai. Nilikuwa kwenye kafeteria ya Deira ambako sisi Wakenya hukutana na Wahindi na Wapakistani kwa chai ya karaki baada ya kazi. Runinga iko juu ya friji la soda. Nyuma ya kaunta alikuwa kijana wa Kerala anayetuchemshia chai kila siku. Kando yangu alikaa dereva wa teksi kutoka Peshawar, mtu mzima, ambaye gilasi yake ilikuwa imeshafanya utando juu kwa kusahauliwa.

"Hawapeani mikono?" dereva akauliza, kwa Kiurdu kile cha mtaani ambacho kila aliyekaa Deira amekiokota. Hakumlenga mtu.

Kijana wa chai akachukua kitambaa, akaanza kufuta kaunta iliyokuwa kavu.

Hakuna aliyejibu.

Nimekaa na swali lile kwa wiki kadhaa. Limenifuata kazini, limenifuata kitandani. Watu wawili wanaosalimiana kila asubuhi, wanaokopeshana salio la simu, walinyang'anywa maneno kwa kitendo cha watu wasiowajua. Nilitaka kukasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani, wala kwa hoja gani.

Jumapili tatu

Aliyefuatilia anakumbuka yaliyofuata, kwa hiyo nitapita haraka. Pakistan ilimlalamikia refa wa mechi, Andy Pycroft, ikataka aondolewe. Mechi yao na Falme za Kiarabu ikachelewa kuanza kwa saa nzima kwa sababu ya mzozo huo. Jumapili ya pili, tarehe 21, Sahibzada Farhan, mpigaji wa Pakistan, alipofikisha mikimbio hamsini alilishika gongo lake kama bunduki. Haris Rauf, mrushaji wa Pakistan, akiwa kwenye mpaka wa uwanja mbele ya mashabiki wa India, alionyesha vidole vya sita kwa sifuri na mkono wa ndege inayoanguka. Kila mtu alielewa: Pakistan inadai iliziangusha ndege sita za India kwenye mapigano ya nchi hizo mbili mwezi Mei. Jumapili ya tatu, fainali, India ikashinda kwa wiketi tano, kisha ikakataa kupokea kombe kutoka kwa Mohsin Naqvi, ambaye ni rais wa Baraza la Kriketi la Asia, mkuu wa bodi ya kriketi ya Pakistan, na papo hapo waziri wa mambo ya ndani wa nchi hiyo. Wakashangilia mikono mitupu, wakijifanya wameinua kombe.

Lakini kuna kitendo kimoja cha fainali ambacho siwezi kukipita haraka.

Jasprit Bumrah, mrushaji wa India, alimtoa Haris Rauf, akamrudishia ishara ile ile ya ndege inayoanguka. Majukwaa ya India yalilipuka. Mimi nilimkumbuka Bumrah mwingine. Septemba 2023, Colombo, mvua imekatiza mechi ya nchi hizi hizi mbili, na Bumrah amejaliwa mtoto wake wa kwanza siku chache tu nyuma. Shaheen Shah Afridi, mrushaji wa kasi wa Pakistan, alimfuata akiwa na zawadi ya mtoto mkononi, akampongeza, akamwombea mtoto heri. Bumrah akaipokea, akashukuru kwa furaha isiyojificha. Video ile ilizunguka kote, na watu wa pande zote mbili waliipenda.

Ni mtu yule yule. Miaka miwili tu imepita katikati.

Hoja ya nahodha

Sitaki kumdharau Suryakumar. Aliulizwa kuhusu mikono, akajibu kwamba kuna mambo maishani yaliyo juu ya moyo wa kiuanamichezo. Akasema wanasimama na jamaa za waliouawa Pahalgam, na ushindi ule akauelekeza kwa majeshi ya nchi yake.

Pahalgam ilitokea. Tarehe 22 Aprili 2025 watu 26 waliuawa kwa risasi kwenye bonde la watalii huko Kashmir. Tarehe 7 Mei India ikashambulia ndani ya Pakistan, na kwa siku nne watu wakaendelea kufa pande zote mbili za mpaka hadi mapigano yaliposimamishwa tarehe 10. Mtu aliyempoteza mume au mtoto bondeni mle, akimwona nahodha wa nchi yake akicheka na kukumbatiana na upande wa pili chini ya miezi mitano baadaye, nani ana haki ya kumwambia asiumie? Mimi sina. Na yuko mama upande wa Pakistan aliyempoteza wake usiku wa tarehe 7, ambaye naye hana haja ya mahubiri yangu.

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu. Kama huzuni ni ya kweli, ishara yake itakuwaje ya uongo?

Kilichonikwamua ni jambo ambalo halikupewa nafasi kubwa. Baadhi ya jamaa za waliouawa walitaka mechi isichezwe kabisa. Walisema hivyo hadharani, kabla ya tarehe 14. Serikali ya India ilikuwa imekata shauri: hakuna ziara za nchi mbili na Pakistan, lakini mashindano ya nchi nyingi yanaruhusiwa. Kwa hiyo mechi ikachezwa, pointi zikachukuliwa, haki za matangazo zikalipwa, na wafiwa walioomba mechi isiwepo wakapewa badala yake mkono ulionyimwa mtu mwingine.

Shashi Tharoor, mbunge na mwandishi wa India, alikumbusha kwamba mwaka 1999, vita vya Kargil vikiwa vinaendelea na askari wakifa, India na Pakistan zilicheza Manchester kwenye Kombe la Dunia na wachezaji wakapeana mikono. Rai yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kama uchungu umezidi, usicheze, ukishakubali kucheza, toa mkono. Miezi michache kabla ya Manchester, Januari mwaka huo huo, Pakistan iliishinda India huko Chennai kwa mikimbio 12, baada ya Sachin Tendulkar kupiga 136 na karibu kuiokoa timu yake. Mashabiki wa Chennai, wakiwa na maumivu yao, walisimama na kuwapigia makofi Wapakistani wakizunguka uwanja. Nchi zote mbili zilikuwa zimelipua mabomu ya nyuklia ya majaribio chini ya mwaka mmoja nyuma.

Sisemi zamani watu walikuwa wema. Nasema uhasama ulikuwepo, na mkono ulitolewa.

Tepu nyeusi, Harare

Refa yule aliyelalamikiwa, Pycroft, ni Mzimbabwe. Ni jina lake lililonirudisha kwenye kitendo kingine cha kisiasa uwanjani, kikubwa kuliko vyote nivijuavyo katika mchezo huu.

Tarehe 10 Februari 2003, Kombe la Dunia, Harare Sports Club, Zimbabwe dhidi ya Namibia. Asubuhi waandishi walipewa tamko lenye majina mawili: Andy Flower, mpigaji bora kuliko wote Zimbabwe iliowahi kuwa nao, na Henry Olonga, mrushaji wa kasi, mchezaji wa kwanza mweusi kuichezea timu hiyo. Walisema watavaa utepe mweusi kuomboleza kifo cha demokrasia katika Zimbabwe yao waipendayo. Utepe wenyewe haukushonwa na fundi. Ilikuwa tepu nyeusi, ya aina ile mafundi umeme wanayofungia nyaya, imezungushwa kwenye mkono wa jezi.

Rais Robert Mugabe ndiye aliyekuwa mlezi wa chama cha kriketi cha nchi hiyo. Fikiria hilo kwanza, halafu fikiria mtu wa miaka 26 akitembea kuingia uwanjani na tepu ile.

Olonga ana damu ya kwetu. Baba yake ni Mkenya, naye alizaliwa Lusaka, akakulia Zimbabwe. Mwaka ule, sisi Wakenya tulikuwa na sababu nyingine ya kulitazama Kombe la Dunia. New Zealand ilikataa kuja Nairobi ikiogopa usalama baada ya shambulio la Kikambala, tukapewa pointi bila kucheza. England ilikataa kwenda Harare. Tukawafunga Sri Lanka pale Gymkhana, Collins Obuya akichukua wiketi tano, kisha tukawafunga Zimbabwe wenyewe huko Bloemfontein na kuingia nusu fainali. Tulishangilia mpaka sauti zikatukauka, na tulikuwa na haki. Lakini katikati ya shangwe zetu, mtoto wa Mkenya mwenzetu alikuwa anapoteza kila kitu, na sikumbuki redio zetu zikimtaja sana.

Klabu yake ilimfukuza. Waziri alimtukana hadharani kuwa ni mweusi wa ngozi tu. Likaja suala la kosa la uhaini, ambalo Zimbabwe adhabu yake ilikuwa kifo. Mechi za Zimbabwe zilipoishia Afrika Kusini, Olonga akajificha, akaenda Uingereza, na miaka mingi baadaye akahamia Adelaide, Australia, ambako alijulikana zaidi kwa kuimba. Hakuichezea nchi yake tena. Flower naye aliondoka, ingawa yeye alikuwa na mkataba wa klabu Uingereza ukimngoja, na baadaye akawa kocha mkubwa. Mzigo haukuwa sawa mabegani mwao, na Flower hajawahi kujitia kuwa ulikuwa sawa.

Kwa hiyo ule usemi wetu wa kila siku, kwamba siasa zitoke viwanjani, siwezi kuusema tena. Ningekuwa nimemwambia Olonga avue tepu.

Na tofauti kati ya Harare na Dubai ikaanza kunionekea. Olonga alisema neno ambalo wenye nguvu nchini mwake hawakutaka lisemwe. Rauf na vidole vyake, Farhan na bunduki yake ya mti, Bumrah na ndege yake, Suryakumar na mkono wake mfukoni, wote walisema neno ambalo wenye nguvu nchini mwao walikuwa wamekwisha kulisema kwa makombora. Usiku wa fainali Waziri Mkuu Narendra Modi aliandika kwamba ile ilikuwa operesheni ile ile ya Mei, safari hii kwenye uwanja wa michezo, na matokeo ni yale yale. Baada ya hapo, je, ishara ilikuwa bado ya mchezaji?

Kiatu cha Khawaja, kofia za Ranchi

Faini zilikuja, sikatai. Novemba Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, lilitangaza kwamba Rauf anafungiwa mechi mbili, Suryakumar anakatwa asilimia 30 ya ada ya mechi, Farhan na Bumrah wanapewa onyo na alama mbaya. Rauf alikosa mechi mbili za Afrika Kusini. Ndiyo yote. Nyumbani kwao wote wanne walibaki mashujaa, pengine zaidi ya mwanzo.

Sasa mtazame Usman Khawaja. Mzaliwa wa Islamabad, Mwislamu wa kwanza kuichezea Australia. Desemba 2023, Gaza ikiteketea, aliandika kwenye viatu vyake vya mazoezi maneno kwamba maisha yote ni sawa na kwamba uhuru ni haki ya binadamu. Hakutaja nchi. Hakumwonyesha mtu kidole. ICC ikakataa, akayafunika maneno kwa tepu. Akavaa utepe mweusi mkononi huko Perth, akapewa onyo. Akaomba kubandika picha ya njiwa na tawi la mzeituni kwenye gongo lake, akanyimwa hata hiyo. Moeen Ali wa England alikwisha kukatazwa mikanda yake ya mkononi ya kuitetea Gaza mwaka 2014, ingawa bodi yake mwenyewe haikuona kosa.

Na tarehe 8 Machi 2019, huko Ranchi, timu nzima ya India ilicheza na Australia ikiwa imevaa kofia za kijeshi za madoadoa, wiki chache baada ya askari polisi 40 kuuawa Pulwama, Kashmir. Mahendra Singh Dhoni, mwenye cheo cha heshima jeshini, aliwagawia wenzake. ICC ilikuwa imetoa ruhusa, kwa maelezo kwamba ni ya kuchangisha fedha. Miezi mitatu baadaye ICC hiyo hiyo ilimkataza Dhoni nembo ya kikosi chake cha jeshi kwenye glavu, kwa hiyo siwezi kusema wanaipendelea India kila mara. Lakini ukiyaweka mambo haya pamoja unaona kinachopimwa. Kofia za Ranchi ziliombewa ruhusa na bodi. Kiatu kilikuwa cha mtu mmoja.

Njiwa alikataliwa. Kofia ya vita ilipita.

Hili linaniuma kuliko vidole vya Rauf.

Nani angethubutu

Kuna shaka moja iliyobaki, na ndiyo nzito. Nimekuwa nikizungumza kana kwamba wachezaji wale wa Dubai walikuwa na hiari. Je, walikuwa nayo?

Oktoba 2021, hapa hapa Dubai, India ilifungwa na Pakistan kwa wiketi kumi. Virat Kohli, nahodha wa India wakati ule, alimfuata Mohammad Rizwan wa Pakistan, akamkumbatia akitabasamu. Picha nzuri mno. Lakini usiku ule ule Mohammed Shami, Mwislamu pekee kwenye timu ya India siku hiyo, alimiminiwa matusi ya usaliti mitandaoni, na Kohli alipomtetea, naye akatukanwa. Wanafunzi wa Kashmir walikamatwa kwa tuhuma za kuishangilia Pakistan. Siku mbili baadaye, katika mashindano yayo hayo, Quinton de Kock wa Afrika Kusini alijitoa kwenye mechi kwa sababu bodi yake iliwaamuru wachezaji wote wapige goti kupinga ubaguzi. Naliunga mkono goti lile kwa moyo wote. Ila goti la amri si goti, na de Kock mwenyewe alirudi akapiga goti alipoelezwa na kusikilizwa.

Halafu kuna Neeraj Chopra, mrusha mkuki wa India. Paris, Agosti 2024, Arshad Nadeem wa Pakistan alirusha mkuki mita 92.97 akachukua dhahabu, Neeraj akapata fedha. Mama yake Neeraj akiwa kijijini Haryana akasema yule aliyeshinda naye ni mwanawe. Mwaka uliofuata Neeraj aliandaa mashindano yake Bengaluru, akamwalika Arshad. Mwaliko ulitoka kabla ya Pahalgam. Shambulio lilipotokea, Neeraj, bingwa wa Olimpiki, tena mwenye cheo jeshini, alitukanwa kuwa msaliti, na mama yake yule yule akatukanwa kwa maneno yake ya mwaka uliopita. Ilimbidi atoe taarifa ya kuutetea uzalendo wake. Mashindano yakasogezwa hadi tarehe 5 Julai, Neeraj akashinda, Julius Yego wetu akawa wa pili, Arshad hakualikwa tena.

Hiyo ndiyo bei ya mkono mwaka 2025. Kumnyima mpinzani mkono ni bure. Kumpa mkono ndiko kunakoweza kukugharimu jina, na mama yako akaguswa.

Kwa hiyo aliyekuwa na nafasi ya kufanya jambo la ujasiri wa Olonga pale Dubai alikuwa yule ambaye angesimama, akaunyoosha mkono mbele ya kamera, akakubali kitakachokuja. Salman Ali Agha, nahodha wa Pakistan, alisema baada ya fainali kwamba mwanzoni mwa mashindano Suryakumar alimpa mkono: kwenye mkutano na waandishi, na tena kwenye kikao cha refa. Faraghani, alisema, anatoa. Mbele ya dunia hatoi. Akaongeza kwamba anaamini ingekuwa ni hiari yake angetoa.

Niliposoma hayo hasira yangu yote ilihama. Ilitoka kwa nahodha ikaenda kwa waliomwekea nahodha sura mbili.

Ninachokitaka

Simdai mchezaji yeyote awe Olonga. Ushujaa hauwekwi kwenye mkataba.

Ninaowadai ni wenye bodi na ICC. Bodi isimwagize mchezaji amnyime mwenzake mkono, kama isivyoruhusiwa kumwagiza aache kurusha mpira. Serikali ikiona mechi haifai, iseme mechi haichezwi, ibebe hasara ya pointi na ya fedha kama England na New Zealand walivyozibeba mwaka 2003. Kofia za jeshi zisiingie uwanjani kwa ruhusa ya mtu yeyote. Waziri wa mambo ya ndani asiwe mkabidhi wa kombe, wa nchi yoyote ile. Na mchezaji mmoja mmoja, kwa jina lake, akitaka kuandika kwenye kiatu chake kwamba maisha yote ni sawa, aachwe aandike, mradi hamtishi mtu wala hashangilii kifo cha mtu.

Najua litaulizwa swali: nani ataamua ishara ipi ni ya mtu na ipi imeagizwa? Nadhani watu wa kriketi wanajua. Agha alijua. Uganda ilipokwenda Kombe la Dunia mwaka 2024, Riazat Ali Shah mzaliwa wa Pakistan na Alpesh Ramjani mzaliwa wa India walivaa jezi moja na kuishinda Papua New Guinea pamoja, na hakuna bodi iliyowaandikia jinsi ya kusalimiana.

Tarehe 5 Oktoba wanawake wa nchi hizi mbili walikutana Colombo kwenye Kombe lao la Dunia. Hawakuwa na ndege, wala vidole, wala maneno ya kujibizana na mtu. Walirithi amri tu: shilingi ikarushwa, manahodha wakapitana; mechi ikaisha, wakapitana tena. Hao ndio ninaowaonea uchungu zaidi, na kwa ajili yao nataka amri ile iandikwe hadharani, iwe na sahihi ya aliyeitoa.